Gome la Elgon katika maduka ya ughaibuni

Mzee wa mtaa wa Tuwan, Kitale, aliyehamia Marekani, ambaye sasa haja ndogo humwamsha kila usiku, anaweza kununua bila cheti cha daktari vidonge vya “pygeum”. Kilichomo ni gome la mti unaomea Mlima Elgon, mlima ule ule unaozitazama Kitale na Bungoma: Prunus africana, mwiritsa kwa Waluhya, tenduet kwa Wanandi na Wakipsigis. Waganga wa Afrika walilichemsha kutuliza homa, kifua na tumbo. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat akapata hataza ya kulitumia kwa uvimbe wa tezi dume, na tangu hapo sisi tulio ughaibuni tunaimba wimbo mmoja: wametuibia. Uchungu huo naukubali, ila umechelewa. Hataza ile ilikwisha muda wake zamani. Leo tunachopoteza ni mti wenyewe. Gome hutoka zaidi porini, na shina likivuliwa pande zote, mara nyingi mti hufa. Ndiyo maana tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES. Huo ni upande wa wageni. Upande wetu, tunaukata kwa mbao na kuni, kisha mashamba tunayonunua Trans Nzoia kwa pesa za ughaibuni tunayajaza mahindi na mikaratusi.

Wapo watakaosema ni kelele nyingi kwa dawa hafifu. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, yalikusanya majaribio 18 yenye wanaume 1,562: kuamka usiku kulipungua kwa asilimia 19, lakini majaribio yalikuwa mafupi, wastani wa siku 64. Basi ni kitulizo, si tiba ya saratani, na mwenye damu kwenye mkojo aende hospitali, awe Boston au Bungoma. Tena kilichopimwa ni dondoo la kiwandani lenye kipimo maalumu, si sufuria ya gome jikoni. Anayejivunia kwamba Wazungu wamethibitisha dawa ya babu anajipa ushindi usio wake. Hata hivyo, kwa mzee, usingizi uliopatikana si jambo dogo, na mti unaouleta hauna budi kupandwa na wenye ardhi. Wewe unayetuma pesa za shamba, agiza mwiritsa upandwe mpakani mwa shamba. Gome lake halivunwi kabla ya mti kupita miaka kumi, na mbegu hazikai muda mrefu, kwa hiyo nunua miche kitaluni.