Namba Juu ya Chuma

Bunduki huzeeka taratibu kuliko mtu anayeibeba. AK iliyotoka kiwandani mwaka 1970 inaweza kufyatua hadi leo, ilhali askari wa kwanza aliyekabidhiwa sasa ni babu, au ni marehemu. Hapo katikati imepita mikono mingapi?

Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoporomoka, wanajeshi waliikimbia kambi ya Moroto na wafugaji wa Karamoja wakabeba maelfu ya bunduki kutoka ghalani. Wizi wa mifugo, uliozoeleka kwa mikuki, ukazidi kuwa wa risasi. Kila nikisoma habari hiyo, swali linaloning'ang'ania ni la kikarani: orodha ya bunduki zile alikuwa nayo nani?

Namba ya kiwandani peke yake haitoshi. AK zimetengenezwa Urusi, China, Romania na kwingineko, kila kiwanda na hesabu yake, hivyo bunduki mbili zinaweza kubeba tarakimu zilezile. Kuifuatilia moja kwa namba tu ni kama kumtafuta Juma jijini Mwanza bila kujua ukoo wala mtaa wake.

Ndiyo maana nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, zilipotia saini Itifaki ya Nairobi mwezi Aprili 2004, zilikubaliana kuzitia alama silaha za serikali. Silaha kuukuu hutolewa ghalani, zikawekwa moja moja chini ya mashine yenye sindano ya chuma kigumu. Sindano hugonga vinukta vinavyounda alama ya nchi na namba ya pekee, kisha namba huingizwa kwenye kanzidata. Siku hizi nikimwona polisi mlangoni pa benki, macho yangu huvitafuta vinukta hivyo.

Namba haimzuii mtu kufyatua. Kazi yake huanza baada ya msiba, bunduki inapookotwa penye maiti. Bila alama, serikali inaweza kusema si yake. Ikiwa na alama, kuna ghala lililoitoa, kuna tarehe, kuna mtu aliyeipokea kwa saini. Kwangu mimi, hiyo ndiyo faida yake kubwa: namba humshtaki mwenye ghala kabla ya kumshtaki mwizi.

Mwenye ghala naye analijua hilo. Namba ikikwanguliwa kwa tupa, mtaalamu wa maabara mara nyingi huweza kuirudisha kwa tindikali, kwa sababu chuma kilichogongwa hubaki kimegandamizwa hata chini ya alama. Rejista haina kumbukumbu ya namna hiyo. Mstari ukifutwa humo, au usipoandikwa kabisa, bunduki hubaki na jina lisiloitwa na yeyote, na waliofiwa hawana mlango wa kubisha.