Kulabu ya Haramia

Ipo siku ambayo mwalimu huvuliwa ualimu wake na kuketishwa mahali pa mwanafunzi. Mimi siku hiyo niliipata kwa sababu ya kopo la maziwa na kipande cha waya.

Wanafunzi wangu walitaka kucheza hadithi ya Peter Pan, mchezo wa J. M. Barrie ulioonyeshwa mara ya kwanza London mwaka 1904. Ndani yake yumo haramia wa baharini, Captain Hook. Peter alimkata mkono akamtupia mamba, na mahali pake pana kulabu ya chuma.

Kulabu hiyo niliitengeneza mwenyewe. Nilitwaa kopo lenye kutosha ngumi ya mtoto, nikalaza kingo zake kwa nyundo zisimkate. Nilitoboa kitako kwa msumari, nikapitisha waya mnene, na mwisho wake nikaufunga kwenye kijiti cha kushikia ndani. Waya nikaupinda, nikauviringishia vipande vya gazeti vilivyolowa katika uji wa muhogo. Ncha niliifanya butu kama kidole gumba. Baada ya siku mbili juani, niliivika karatasi ing'aayo ya pakiti za chai.

Siku ya kujaribu, haramia wetu aliwakimbiza wadogo, nao wakapiga kelele: “Kilema! Kilema!” Wote walicheka, nami nilicheka. Mtoto mmoja tu hakucheka. Ndipo nilipokumbuka kwamba baba yake alikatwa mkono wa kuume na mashine ya kupasulia mbao. Tena sisi ni Wakongo: katika utawala wa Leopold II, tangu 1885 hata 1908, watu wetu walikatwa mikono kwa ajili ya utomvu wa mpira. Mkono uliokatwa, kwetu, si kitu cha kuchekea.

Jioni nilimwendea mzee yule, nikamwomba radhi na kumwambia kwamba nitaitupa kulabu. Yeye aliigeuzageuza.

“Mwalimu, kazi yako ni nzuri, lakini itaanguka. Haina ukanda.”

Akanionyesha wake wa ngozi: watoka kwenye kigutu, wapita mgongoni, washika bega la pili. Hapo kwenye kigutu huchomeka kijiko au kisu. Nilistaajabu, kwa maana kulabu ya vidole viwili ya Mmarekani D. W. Dorrance, aliyekuwa amepoteza mkono wake mwenyewe, iliyopewa hati ya uvumbuzi mwaka 1912, hufunguliwa kwa nguvu ya bega vivyo hivyo.

“Usiitupe,” aliendelea. “Lakini kwa nini haramia wako anatisha tu? Mimi tangu nikatwe sijapata nafasi ya kumtisha mtu. Nina kazi nyingi.”

Basi siku ya mchezo, Captain Hook aliinua ndoo, akafungua kamba, akawamiminia mabaharia chai, kisha ndipo akapigana. Watazamaji walicheka, lakini hakuna aliyetamka neno lile. Nyuma ya pazia, aliyemfunga ukanda alikuwa mtoto yule asiyecheka. “Baba hufunga hivi,” aliwafundisha wenzake.

Enyi wazazi, mchezo ni chakula cha watoto, msiwanyime. Ila kabla ya kumvika mtoto kilema cha mwingine, bisheni hodi kwanza kwa mwenye kilema hicho. Huenda mkamkuta fundi kuliko ninyi.