Mali ya Mtu Katika Kibera na Kawangware

Wasomaji wengi wanaokaa mbali na Nairobi wamepata kuyasikia majina ya Kibera na Kawangware, na pengine wana jamaa zao wanaokaa huko. Lakini habari wanazozipata kwa kawaida ni za matope, mabati na msongamano wa watu. Habari hizo si uongo. Walakini mtu akizisikia hizo peke yake hawezi kulijua jambo kubwa zaidi, yaani ardhi ni ya nani, nyumba ni ya nani, na yule alalaye ndani ya nyumba hiyo ana haki gani. Nimezitembea pande zote mbili mara nyingi, na kwa maoni yangu jambo hili ndilo linaloeleza kwa nini ukuta wa huku ni wa udongo na ukuta wa kule ni wa mawe, ingawa watu wanaokaa ndani hufanya kazi zile zile na kununua unga dukani kwa bei ile ile.

Kibera iko upande wa kusini-magharibi wa mji, kati ya Barabara ya Ngong na Lang'ata, na reli iendayo Kisumu inapita katikati ya nyumba zake. Kawangware iko magharibi, upande wa Dagoretti, ikipakana na Lavington kwenye majumba ya wenye mali na bustani zao. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kutoka moja hadi nyingine kabla ya saa mbili kupita. Zamani huko kote kulikuwa mashamba na msitu. Jina la Kibera asili yake ni Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Na Kawangware limetokana na ngware, jina la Kikikuyu la yule ndege tumwitaye kwale. Leo msitu haupo, wala sijapata kumwona kwale.

Jambo la ajabu ni kwamba mtu mmoja aliacha alama katika asili ya pande zote mbili. Mwaka 1890 Kapteni Lugard alipita katika nchi ya Wakikuyu akielekea Uganda, akajenga boma lake Dagoretti baada ya kufanya mapatano na Waiyaki wa Hinga. Mwaka uliofuata alifika Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawakuta askari wa Kisudani waliobaki baada ya Emin Pasha kuondoka, akawachukua katika utumishi. Wajukuu wa askari hao ndio Wanubi wa Kibera. Na Waiyaki, kama wengi wajuavyo, alikamatwa mwaka 1892 akafa Kibwezi akipelekwa pwani.

Basi tuanze na Kibera. Askari wale wa Kisudani waliingizwa katika jeshi la Keya lilipoundwa mwaka 1902, na baada ya miaka michache wale waliomaliza utumishi walianza kukaa na jamaa zao katika msitu ule ulio karibu na kambi. Hawakuwa na nchi ya kurudi. Kila mmoja alipewa karatasi iliyoitwa shamba pasi, yenye kumruhusu kujenga, kulima na kufuga. Mwaka 1918 Serikali ilitangaza rasmi kwamba ekari 4,197 za Kibera ni ardhi ya jeshi, na humo Wanubi wakaa. Walilima mahindi, wakafuga ng'ombe, na wake zao wakasuka zile sinia za ukindi wa rangi nyingi ziitwazo tabaga, ambazo hata leo huonekana zimetundikwa ukutani katika nyumba za Makina. Majina ya baadhi ya mitaa bado yanataja makabila ya askari wale: Kambi Muru, Kambi Lendu, Kambi Aluru. Laini Saba nayo husemwa kuwa ilipata jina lake kwenye uwanja wa askari wa kujifunzia shabaha.

Sasa msomaji na aangalie vizuri ile karatasi. Shamba pasi ilikuwa ruhusa tu. Mwenye kuitoa ni jeshi, na mwaka 1928 jeshi liliiachia Serikali ya kiraia usimamizi wa Kibera. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Sir Morris Carter ilitoa taarifa yake mwaka 1934, ikaona kwamba Wanubi hao ni wapangaji wanaokaa kwa hiari ya Serikali, ingawa Serikali ina wajibu kwao na haifai kuwaondoa bila ya kuwapa mahali pengine pa kufaa na fidia. Mtu aliyepigana vita katika Tanganyika, akajenga nyumba, akazaa na kuzika katika Kibera, aliambiwa kwamba kukaa kwake ni hisani. Naona neno hilo ndilo msingi wa kila kilichofuata.

Baada ya Uhuru wa 1963 ardhi ile ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Mitaa ya nyumba nzuri ikajengwa juu yake, kama Jamhuri, Otiende, Ngei na Ayany, na Wanubi wakasogezwa ndani. Wakati huo huo watu wa bara walikuwa wakimiminika Nairobi kutafuta kazi: Wajaluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii, Wakikuyu na wengineo. Walihitaji mahali pa kulala karibu na viwanda na mitaa ya Wazungu na Wahindi. Mnubi aliyekuwa na shamba la mahindi aliona kwamba chumba kimoja humletea fedha kila mwezi, na mahindi humletea gunia kila msimu mvua ikikubali. Wengine wasio Wanubi nao walijenga, kwa idhini ya chifu au ya ofisa fulani, idhini ambayo mara nyingi ilikuwa ya mdomo, na iliyokuwa na bei yake.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa mali ya namna ya pekee, yaani nyumba isiyo na ardhi. Mwenye nyumba wa Kibera anamiliki fito, udongo, mabati, misumari na mlango. Kilicho chini ya nyumba si chake. Aweza kuuza nyumba na kumrithisha mwanawe, na majirani wote watamkubali kuwa ndiye mwenyewe. Lakini akienda benki kukopa ataulizwa hati, naye hana. Wageni wengi husema kwamba wenye nyumba wa huko hawajengi kwa mawe kwa sababu ya tamaa. Tamaa ipo, sitaikana. Lakini hebu msomaji ajiulize: ni nani atakayeweka mawe juu ya ardhi ambayo asubuhi yoyote tingatinga laweza kuja kuisawazisha? Mwezi wa Julai 2018 nyumba, shule na makanisa yalivunjwa ili kupitisha barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata, na maelfu ya watu walitolewa. Wenye fito walipoteza fito, na anayejua hesabu aweza kuona kwamba wangepoteza zaidi kama wangejenga kwa mawe.

Mali ya namna hii hutikiswa hata na neno. Mwishoni mwa mwaka 2001, baada ya Rais Moi kutamka hadharani kwamba kodi za Kibera zipunguzwe, wapangaji wengi walikataa kulipa kodi ya zamani, wenye nyumba wakakataa kupunguza, na ugomvi ukazuka uliomwaga damu. Wengi wa wenye nyumba walioumizwa walikuwa Wanubi, wazee na wajane ambao hawakuwa na pato jingine. Kwa upande wake mpangaji alikuwa na hoja yake: kama ardhi ni ya Serikali, mbona mimi namlipa mtu mwingine kila mwezi kwa chumba cha futi 10 kwa 10 kisicho na maji wala choo? Sioni jinsi ya kuwalaumu wote wawili, wala jinsi ya kuwatakasa.

Wanubi hawakunyamaza. Walipeleka shauri lao mbele ya Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu, na katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2015 Kamisheni ilisema kwamba haki zao zilivunjwa, pamoja na haki ya mali. Mwezi wa Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya ardhi ya ekari 288, kwa jina la jamii nzima, si la mtu mmoja mmoja. Katika zile ekari 4,197 hii haifiki sehemu moja ya kumi na nne. Hata hivyo niliona jinsi habari ile ilivyopokewa Makina: wanawake walivaa gurbaba zao wakaimba. Katika vijiji vingine wapangaji waliulizana kwa sauti ya chini kama sasa watafukuzwa.

Ama Kawangware, hadithi yake ni nyingine. Dagoretti ilikuwa sehemu ya nchi ya Wakikuyu, chini ya Kiambu, na ardhi ilikuwa ya mbari, yaani ukoo wa baba mmoja wa kale. Asiye na ardhi aliweza kuomba, akapewa mahali pa kulima kwa wema. Huyo aliitwa muhoi, na wenziwe ahoi. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952 watu walikusanywa vijijini, na kufuata mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954 vipande vya mashamba viliunganishwa, vikapimwa, na kuandikwa kila kimoja kwa jina la mtu. Wengine walikuwa kizuizini wakati ule, wakarudi na kukuta mipaka imekwisha kuwekwa. Ahoi walitoka mikono mitupu, maana daftari la ardhi halina mahali pa kuandika wema. Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilipanuliwa, Dagoretti ikaingizwa mjini, na mkulima akalala mtu wa shamba akaamka mtu wa mji.

Lakini aliamka akiwa na hati. Hapo ndipo penye tofauti na Kibera. Tuseme babu aliandikiwa ekari 4 akazaa wana wanne. Kila mmoja alipata ekari moja, naye akiwa na wana wanne kila mmoja hupata robo. Robo ya ekari haiwezi kulisha nyumba kwa mahindi. Ikigawanywa tena hubaki ile ploti ya futi 50 kwa 100 inayojulikana sana Nairobi. Katika ploti kama hiyo waweza kupanga vyumba 10 upande huu na 10 upande ule, kila kimoja futi 10, na katikati ukaacha ua wa kufulia, bomba na vyoo. Vyumba 20 ni kodi 20. Ndiyo maana mahindi yalikufa, isipokuwa kandokando ya vijito, ambako hata sasa utaona nduma, sukuma wiki na majani ya ng'ombe.

Mwenye hati aweza kuiweka rehani benki. Kwa fedha za benki mabati huondolewa, na nyumba za mawe za ghorofa tano au sita husimama, hasa karibu na Barabara ya Naivasha na vituo vya magari vinavyoitwa kwa namba za mabasi, Arobaini na Sita na Hamsini na Sita. Pia hati hiyo hiyo yaweza kupigwa mnada mkopo ukishindikana, na mjukuu wa mbari akawa mpangaji penye kaburi la babu yake. Jambo hilo haliwezi kumpata mtu wa Kibera, kwa sababu hana cha kunadiwa.

Ugomvi wa Kawangware ni wa ndani ya nyumba. Ndugu hushtakiana juu ya mipaka na juu ya kodi za vyumba alivyojenga marehemu baba. Sheria ya Urithi iliyotungwa mwaka 1972, na kuanza kutumika 1981, haibagui binti na mwana katika urithi wa mzazi aliyekufa bila wasia; lakini zipo familia ambamo binti aliyeolewa akidai fungu lake huitwa mvunja nyumba na ndugu zake wa tumbo moja. Mama mzee mara nyingi hukaa katika nyumba ya zamani katikati ya ploti, amezungukwa na wapangaji asiojua lugha zao, akipokea kodi kwa mkono wake ili wana wasiigombanie. Akifa yeye, ndipo kesi huanza.

Na mpangaji je? Huyo ndiye mwingi katika pande zote mbili. Wanaolala katika nyumba zao wenyewe ni wachache sana. Alfajiri wa Kibera huteremka kwa miguu kwenda eneo la viwanda, na wa Kawangware huingia Lavington na Kileleshwa kufua, kupika, kulinda na kujenga. Kwake hati ya mwenye nyumba huleta nafuu kidogo, pengine bomba uani na umeme wa halali, pamoja na kodi kubwa zaidi. Ukimwuliza mali yake iko wapi hatataja Nairobi. Atakutajia Siaya, Kakamega au Machakos, penye nyumba anayoijenga bati moja moja, na penye mahali atakapozikwa. Huko mke wake au mama yake analima, naye hupeleka fedha za mbolea na karo. Chumba anacholala hukihesabu kama kituo cha safari, hata kama amekaa humo miaka 20 na watoto wake hawajui lugha nyingine ila Kiswahili cha Nairobi.

Mwisho wa mwezi mikokoteni huonekana kwa wingi katika vichochoro vya Gatina na vya Lindi, kwa kuwa huo ndio wakati wa kuhama. Juu yake huwekwa kitanda kilichofunguliwa, godoro, meza, jiko, mitungi ya maji na sanduku lililofungwa kwa kufuli. Mtoto hupandishwa juu ya godoro, na mama hufuata nyuma akiwa na sufuria mkononi.