Nchi ya Chai Ionekanavyo Kutoka Kapkatet

Msafiri atokaye mjini Kericho kwa barabara ya kusini-magharibi hupita kwanza kati ya mashamba makubwa ya chai, yaliyotandikwa juu ya vilima kama mkeka mmoja usio na mshono. Haoni ua wala boma la mkulima, ila nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu safu. Akifika upande wa Litein nchi humgeukia. Michai ni ile ile, lakini sasa imekatwa vipande: hapa ekari moja ya chai, pale mahindi, pale malisho ya ng'ombe wawili watatu, na bati la nyumba likimeta kila baada ya hatua chache. Mbele kidogo yuko Kapkatet, na barabara huendelea mpaka Kaplong, ambapo njia moja hushika kwenda Sotik na Kisii, na nyingine kwenda Bomet na Narok.

Kapkatet si mji mkubwa. Una soko, hospitali, uwanja wa mikutano na kiwanda cha chai ya wakulima wadogo. Uko katika Bureti, Kaunti ya Kericho, karibu na mpaka wa Kaunti ya Bomet. Lakini mtu akitaka kuijua nchi nzima ya Wakipsigis, hapana pahali pazuri pa kusimama kuliko hapa.

Nchi hii huinuka kwa jumla kutoka magharibi kwenda mashariki mpaka msitu wa Mau, na mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Asubuhi mara nyingi jua huwaka vizuri. Adhuhuri ikipita, upepo wenye unyevu utokao Ziwa Victoria hukutana na ule wa mashariki, mawingu hujikusanya, na mvua hunyesha kwa ngurumo. Ndiyo sababu mchai hapa huchumwa mwaka mzima. Lakini mvua hiyo hiyo huleta mawe. Kericho ni miongoni mwa mahali penye mvua ya mawe nyingi kabisa duniani, na robo saa ya mawe yatosha kurarua majani ambayo mkulima alitazamia kuyachuma wiki ile.

Mito nayo ni mingi. Itare, Kiptiget na Kipsonoi huungana na mingine kuwa mto Sondu, uingiao ziwani upande wa Kenya. Nyangores na Amala, yapitayo upande wa Bomet, hukutana na kuwa mto Mara, unaowanywesha wanyama wa Maasai Mara na Serengeti kabla ya kufika ziwa lile lile katika nchi ya Tanzania. Kusini, katika Chepalungu, nchi huteremka na mvua hupungua. Huko ng'ombe wana heshima kuliko mchai.

Zamani heshima hiyo ya ng'ombe ilikuwa kila mahali. Wakipsigis, ndugu za Wanandi kwa lugha na desturi, walikuwa wafugaji waliolima wimbi, na mambo ya jirani yaliamuliwa katika kokwet, yaani baraza la watu wa ujirani mmoja. Malisho hayakuwa ya mtu mmoja. Katika vitabu vya zamani vya Serikali waliandikwa kwa jina la Walumbwa, ambalo wenyewe hawakujiita, na steshini ya reli iitwayo leo Kipkelion iliitwa Lumbwa.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1905 askari wa Serikali walipelekwa kupigana na watu wa Sotik. Baada ya hapo sehemu kubwa za nchi nzuri zilitwaliwa na kugawiwa walowezi. Ukoo wa Talai, uliokuwa na uongozi wa kiroho, ulionekana kuwa hatari kwa utawala. Mwaka 1934 ilitungwa sheria ya kuwahamisha, wakapelekwa Gwassi, karibu na ziwa, penye mbung'o na malaria. Wazee, wanawake na watoto walikwenda pamoja.

Chai haikuwa fikira ya kwanza ya walowezi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani walipewa ekari 25,000 karibu na Kericho, wakapanda kitani. Bei ya kitani ikaanguka, na mradi wao ukaanguka nayo. Kutoka mwaka 1924 hivi ndipo makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalipoanza kupanda chai kwa wingi. Wafanyakazi wengi walitoka mbali, kwa Wajaluo, Wakisii na Waluyia, nao walihitaji posho. Basi Mkipsigis aliyebaki na shamba lake akaona faida ya kulima mahindi na kuyauza, na kwa ajili ya mahindi akaanza kuzungushia shamba lake ua. Ua huo ulibadili mambo kuliko amri nyingi za wakubwa. Ardhi iliyokuwa ya malisho ya wote ikawa na mwenyewe.

Kupanda chai, hata hivyo, Mwafrika alinyimwa mpaka miaka ya 1950. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulifungua mlango, na mwaka 1964 likaundwa shirika la chai ya wakulima wadogo, KTDA, lililogeuzwa kuwa kampuni mwaka 2000. Leo mchumaji wa Kapkatet huchuma majani mawili na chipukizi, hupeleka kapu lake kwenye kituo cha kupimia, na majani hufika kiwandani siku ile ile, kwa kuwa yakilala huharibika. Kilo nne na zaidi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu, ambayo huuzwa kwa mnada Mombasa. Mkulima hulipwa kidogo kila mwezi, kisha hungoja bonasi ya mwisho wa mwaka wa chai. Karo na bati nyingi za wilaya hii zimetoka katika bonasi hiyo.

Lakini tazama hesabu ya watu. Mwaka 1969 Wilaya ya Kericho, iliyokuwa pamoja na Bomet, ilikuwa na watu 479,135. Bomet ikatengwa mwaka 1992, na kaunti zikaanza kazi mwaka 2013. Katika hesabu ya mwaka 2019 Kericho ilikuwa na watu 901,777 na Bomet 875,689. Hata kama mipaka imesogea hapa na pale, watu wamezidi mara tatu na nusu katika nusu karne, na mashamba makubwa hayakurudi nyuma hata hatua moja. Katiba ya mwaka 2010 ilipunguza muda wa wageni kukodi ardhi usizidi miaka 99. Mwaka 2022 Wakipsigis na Watalai walipeleka malalamiko yao juu ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwezi wa Mei 2023 vijana walichoma mashine za kuchumia chai, wakisema zimewanyang'anya kazi; damu ilimwagika.

Huku Kapkatet jambo hilo halifiki mahakamani. Baba mwenye ekari mbili na wana wanne hawezi kuung'oa mchai ulio hai, wala kugawa ardhi vipande visivyotosha nyumba. Huwaita wanawe asubuhi, akaingia nao shambani, na kuhesabu mistari ya michai: hii ya mkubwa, hii ya wa pili, na ile ya pembeni, iliyopigwa na mawe mwaka jana, ya kitinda mimba.