Moto Kwanza, Kabureta Baadaye

Nilijifunza ufundi Gerezani, Dar es Salaam, zama ambazo Peugeot 404 lilikuwa gari la heshima mjini. Madereva wa teksi walilisifu kwa kuvumilia barabara mbovu, na sisi vijana wa spana tulisimuliwa jinsi Bert Shankland, mkazi wa jiji hili hili, alivyoshinda mashindano ya East African Safari kwa 404 mwaka 1966 na kurudia 1967, Chris Rothwell akiwa kiti cha pembeni.

Injini ya gari hilo ndiyo iliyonipa kazi. Ina silinda nne, ukubwa wa sentimita za ujazo 1,618, na imelazwa upande ili boneti ishuke. Haina kompyuta wala sensa. Inataka mambo matatu: petroli na hewa kwa kipimo, mgandamizo wa kutosha, na cheche kwa wakati wake. Ikikosa mojawapo hukuonyesha, ila ni lazima uikague kwa mpangilio.

Fundi mkuu aliyenilea alikuwa na sharti moja: hakuna kugusa kabureta kabla ya kuona moto, yaani cheche. Alikuwa sahihi. Moto dhaifu na kabureta mbovu vina dalili zinazofanana mno. Gari linamisi, linashindwa mlima, linakula mafuta, plagi zinatoka nyeusi. Ukikimbilia kabureta, ukachana gasketi na kusogeza skrubu, unaongeza tatizo la pili juu ya lile la kwanza, na hujui tena lipi ni lipi.

Baadaye nikafungua gereji yangu Ilala. Siku moja mwalimu mstaafu alinijia na 404 lake la miaka mingi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye shida yake.

"Fundi, nimeambiwa kabureta imekwisha, nitafute nyingine."

Gari liliwaka vizuri asubuhi. Likishapata joto lilianza kukohoa na kulipua kwenye ekzosi. Huko alikotoka kabureta ilikuwa imefunguliwa na kusafishwa, na hali ilibaki vilevile.

"Tuangalie moto kwanza, mwalimu," nikamjibu.

Niliacha injini iungurume mpaka ikaanza kumisi, nikaizima. Nikachomoa kwenye kepu ya distributa ule waya mnene wa koili, nikaushika kwa koleo yenye mpini wa mpira, ncha yake karibu na chuma cha injini, kijana wangu akapiga stata. Cheche nzuri ni nene, ya buluu, na inaruka kwa mlio. Hii ilikuwa nyembamba, ya manjano. Nikafungua kepu. Pointi zilikuwa zimeungua: upande mmoja kinundu, upande wa pili shimo.

Hapo kondensa ilikwishajitaja. Pointi zinapofunga, umeme hupita na kujenga nguvu ya sumaku ndani ya koili. Zinapofunguka, nguvu hiyo huporomoka ghafla na kuzaa maelfu ya volti za kwenda kwenye plagi. Kondensa ndiyo inayopokea umeme unaotaka kuruka kwenye mwanya wa pointi. Ikifa, pointi huungua na koili haitoi nguvu yake. Na kuna kondensa ambazo hufanya kazi zikiwa baridi, zikashindwa zikipata joto.

Nikafunga pointi na kondensa mpya, nikapima mwanya kwa fila, milimita 0.4, kisigino cha pointi kikiwa juu kabisa ya kemu. Mwanya ukibadilika, taimingi nayo hubadilika. Kwa hiyo nikaunganisha taa ndogo ya volti 12 kati ya waya wa pointi na bodi, nikaipanga injini kwenye alama yake, nikazungusha distributa taratibu mpaka taa ikawaka. Inawaka papo hapo pointi zinapofunguka. Mwalimu akaendesha mpaka Ubungo na kurudi. Gari halikumisi, na kabureta ilikuwa ileile.

Hata hivyo kabureta ina magonjwa yake, na moto ukishakuwa safi ndipo zamu yake inafika. Gari likizima ukiachia mafuta lakini likaenda vizuri ukikanyaga, tafuta jeti ndogo iliyoziba. Likisita ukikanyaga ghafla, zima injini, toa chujio la hewa, chungulia kooni mwa kabureta huku ukivuta mafuta: lazima uone mchirizi wa petroli. Ikifurika, kagua sindano ya floti, kisha itikise floti karibu na sikio. Ikitoboka utasikia petroli ndani. Na jeti usiichokonoe kwa waya. Shaba ni laini, tundu likipanuka halirudi. Lipulize kwa upepo.

Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, unyevu wenye chumvi. Kepu ya distributa ikipata ufa mwembamba kama unywele, gari litakwenda kiangazi chote na kugoma masika. Njia ya kuugundua ni kuwasha injini usiku, kufungua boneti na kuzima taa zote. Umeme unaovuja kwenye nyaya au kepu utauona kwa macho yako ukimetameta kibuluu.

Magari haya yamebaki machache, na wenye nayo wanashauriwa kila siku kutupa kabureta za asili ambazo hazina kosa. Ombi langu kwa vijana wanaoshika spana leo ni hili: pimeni moto kabla ya kufungua kabureta, rekebisheni kitu kimoja, kisha lijaribuni gari kabla ya kugusa kingine. Fundi anayebadilisha vitu vitatu kwa mpigo, hata gari likipona, hajui limeponywa na nini, na mwenye gari amelipia viwili asivyovihitaji.