Kwa Binti wa Kaka Yangu Anayetaka Ekari Hamsini

Ikungi, Singida
Agosti

Mwanangu,

Baba yako mdogo mguu umepoa kidogo, na alizeti imeshapigwa yote, magunia yamejaa chumba cha mbele hadi wageni tunawakaribisha uani.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na video ya dalali nimeitazama. Ekari hamsini upande wa Minyughe, pori safi, halina mtu, na jibu analitaka kabla ya mwisho wa mwezi kwa kuwa kuna mteja mwingine. Dalali asiye na mteja mwingine bado hajazaliwa, kwa hiyo hilo lisikunyime usingizi.

Tazama tena ile video. Pale anapoizungusha simu kuonyesha bonde, kuna mstari wa minyaa mikubwa. Minyaa haijipangi mstari yenyewe. Hilo ni hame. Palikuwa na tembe ya mtu pale kabla ya Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, watu walipohamishwa wakapangwa pamoja. Chini kidogo ya minyaa kuna vijia vinne au vitano vinavyokwenda sambamba, vumbi limechimbika. Hizo ni kwato. Ng'ombe wa Wataturu na Wasukuma wanapita hapo kwenda majini, na wataendelea kupita hata ukiwa umepanda.

Kisheria hame halikusumbui sana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilithibitisha ugawaji uliofanyika wakati wa operesheni, kati ya 1970 na 1977, ili watu wasirudi kunyang'anyana. Lakini makaburi bado yako pale, na wajukuu wanayajua. Utashinda kwenye baraza la ardhi, kisha nani atakuazima plau msimu ukianza?

Ukimkuta muuzaji wa kweli, usitosheke na sahihi ya mwenyekiti na muhuri wa mtendaji. Ardhi ya kijiji haigawiwi na watu wawili mezani. Halmashauri ya kijiji yenyewe haina uwezo wa kugawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Omba muhtasari wa mkutano uusome, uone kama eneo limetajwa kwa mipaka yake. Uliza pia kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi, na kwenye ramani yake eneo hilo limeandikwa kilimo au malisho. Ukiambiwa ramani iko wilayani, panda gari uifuate wilayani. Wewe ndiye mwenye pesa, na miguu unayo.

Na hati ya kimila iandikwe jina lako. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Kwetu shamba lilikwenda kwa watoto wa kiume. Sisi mabinti tulilima kwa baba, kisha tukalima kwa mume. Sheria hiyohiyo ya 1999 imempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, lakini sheria haiji kukaa nawe jikoni. Kaka zako watakuja na maneno matamu kwamba waandikwe wao kwa sababu ni wenyeji. Wewe nawe ni mwenyeji. Kitovu chako kimezikwa hapa.

Sasa hizo ekari hamsini zenyewe. Unazihesabu kwa magunia, na magunia kwa bei ya leo. Juni 2021 Waziri Mkuu Majaliwa alikuja Singida, mkoa wetu ukawekwa mbele kwenye alizeti pamoja na Dodoma na Simiyu. Mbegu za ruzuku zikaja, watu wakafyeka hadi milimani. Kufika 2023 bei ilikuwa imeporomoka, mafuta ya nje yameingia kwa ushuru mwepesi, na waliokodi trekta kwa mkopo wakauza mbuzi kulipa. Ushuru ulipandishwa tena baadaye, lakini mbuzi hawakurudi. Tena huku mvua ni moja tu kwa mwaka. Inaanza Desemba hivi, na Februari inaweza kukatika wiki tatu wakati ua linapofunguka. Ekari hamsini zikikauka, zinakauka zote siku moja.

Mimi nimetazama muda mrefu nani anafaidi hapa Ikungi, na si mwenye ekari nyingi. Ni anayeweza kusubiri. Juni na Julai kila mtu anauza: kuna ada, kuna deni la mbegu, kuna harusi. Mnunuzi anakuja mpaka mlangoni na gunia lake la lumbesa, limeshonewa kichwa kama kilemba, analipa bei ya gunia moja. Miezi minne au mitano mbele mzigo uleule mara nyingi una bei nyingine. Wewe una mshahara. Huna haja ya kuuza Julai. Huo ndio mtaji wako mkubwa, na unataka kuutupa wote kwenye pori la Minyughe.

Ushauri wangu ni ekari tano jirani na mji wetu, zile zinazopata samadi ya zizi. Mmarekani mmoja, Harold Schneider, aliishi kwa Wanyaturu 1959 na 1960, na mwaka 1970 akatoa kitabu kizima juu ya uchumi wetu. Wazee walichomweleza hakikuwa siri: uwele unatokana na samadi, samadi inatokana na ng'ombe, na mwenye ng'ombe wengi anawakopesha wasio nao, wapate maziwa na mbolea. Kisha jenga stoo yenye sakafu ya saruji na paa lisilovuja. Ukitaka, kamua mwenyewe, mashudu yana wateja. Ila mafuta usiyapange juani barabarani kama wanavyofanya wengi, yanaharibika ladha. Kuku wa kienyeji weka, lakini chanja mdondo kila baada ya miezi mitatu, tone moja jichoni, kabla ya kiangazi kukolea. Bila hilo usianze.

Kuna jambo linanitia wasiwasi kuliko dalali. Ukishakuwa na stoo na pesa, Februari mtu atakuja kwako. Chakula kimeisha ndani, alizeti yake bado ni maua, na atakuomba uinunue ikiwa hapohapo shambani kwa nusu ya bei au chini ya hapo. Atakushukuru. Karatasi mtaandikiana, na hakuna atakayekulaumu mbele yako. Usinunue. Mkopeshe mahindi, akurudishie mahindi. Najua kwa hesabu za Dar hiyo ni hasara, na pengine ni hasara kweli. Lakini mama yake huyo mtu ndiye atakayeona moshi kwenye stoo yako ukiwa ofisini, na anaweza kupiga yowe au akafunga mlango.

Chukua likizo Desemba, wiki mbili. Treni ya umeme inakufikisha Dodoma, kisha basi la Singida linakushusha hapahapa Ikungi. Tutakwenda wote kwa mtendaji kuuliza mkutano mkuu ni lini, na utaketi usikilize bila kusema habari za kununua chochote. Watu watakuuliza wewe ni wa nani. Jibu ukianzia kwa babu yako, si kwa kampuni yako. Dalali mwambie shangazi amekataa. Lawama nitazibeba, nimezizoea.

Njoo na viatu vya kufunga. Mbigili za huku hazimjui mtu wa ofisini.

Shangazi yako