Doti 61 na Mume Mmoja

Hapa chuoni wakisikia nimeolewa, wengi hudhani magomvi yetu ya ndani ni yale ya kawaida: wivu, simu, mashemeji. Hapana. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa tumegombana juu ya jambo moja tu, nalo ni kanga.

Nakusanya kanga. Sisemi navaa kanga, maana kuvaa kila mwanamke huku kwetu anavaa. Nazikusanya. Nyingine hazijakatwa hata, ni doti nzima nzima kama zilivyotoka dukani, zimekunjwa kwenye sanduku chini ya kitanda. Ninapoandika haya ziko doti 61.

Kwa kaka zangu ambao kanga kwao ni kitu cha mama tu: doti ni vipande viwili vilivyoshikana. Kila kipande kina pindo pande zote, kina mji katikati, na chini ya mji kuna jina, yaani yale maandishi. Mimi nanunua jina. Rangi inaweza ikawa haina mvuto kabisa, lakini jina likinigusa nimekwisha. Niko Uhuru pale Kariakoo, muuzaji anafunua moja baada ya nyingine, wenzangu wanapapasa kitambaa kujua kama ni pamba na kama kitachuja, mimi nasoma. “Japo sipati tamaa sikati.” Lete. “Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake.” Lete na hiyo.

Ubaya wa kukusanya kanga ni kwamba haziishi. Mtu anayekusanya stempu za nchi fulani anaweza siku moja akasema nimemaliza. Kanga zinatoka mpya kila siku, na za zamani zinapotea kila siku, kwa sababu kanga maisha yake ni kuvaliwa, kubebea mtoto, kujifunika, halafu kuwa dekio. Kwa hiyo unakimbizana na pande mbili. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso za Wareno zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunga ziwe nguo moja pana. Ndiyo maana Mombasa hadi leo wanasema leso. Majina yalikuja baadaye, na anayetajwa sana hapo ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zina chapa ya “Mali ya Abdulla”. Zamani majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nikipata moja ya hizo, hata kipande, nitafunga siku tatu.

Sasa mume wangu. Ni fundi umeme, ana miaka 27, si bahili na si mkali. Ila tuna kiwanja tunakilipia kidogo kidogo, na yeye kila kitu anakipima kwa saruji. Ukimwambia nauli imepanda anakwambia, “Hiyo kwa mwezi ni mfuko mmoja.” Kilichomkoroga ni kanga ya Obama. Mnaikumbuka ile ya 2008? Ina picha yake, imeandikwa “Hongera Barack Obama”, na jina lake “Upendo na amani ametujalia Mungu”. Mama mmoja jirani alikuwa nayo, kipande kimoja, imepauka, amebebea watoto watatu. Nikampa 20,000.

“Mwalimu,” mume wangu akasema (tangu nianze ualimu ndivyo anavyoniita, akikasirika zaidi), “umenunua kuukuu, tena nusu, kwa bei inayozidi mpya nzima?”

Nikaanza kutetea. Hoja yangu ya kwanza ilikuwa ya kitaaluma: hizi ni zana za kufundishia. Somo langu ni Kiswahili, majina ya kanga yamejaa methali, mafumbo, tashihisi. Na kweli, kwenye mazoezi ya kufundisha nilitundika kanga tano mbele ya kidato cha pili na darasa zima liliamka, hata wale wa nyuma. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Tano zilitosha?” Zilitosha. “Basi hizo nyingine ni za shule gani?”

Hoja ya pili: ni akiba, thamani itapanda. Hata British Museum kule London wana kanga kwenye hifadhi yao. Akauliza nani Mbagala atanunua kanga ya zamani kwa bei ya kupanda. Nikabaki natafuta jina la mtu, na jina pekee lililonijia ni langu. Hoja ya tatu, kwamba nanunua kwa pesa yangu, ndiyo iliyotupeleka pabaya. Pesa yangu ipi? Akanikumbusha kwamba boom ni mkopo, na siku nikiajiriwa Bodi ya Mikopo watakata asilimia 15 ya mshahara wangu mpaka deni liishe. “Hizo kanga utakuwa unazilipia zikiwa zimeshakuwa madekio.” Hapo sikuwa na jibu. Mkopo ni mkopo hata ukiuita boom, na sote tunaougawa kwenye kucha, simu na bando tunajua hivyo, ingawa siku ya kusaini hakuna anayetaka kusikia.

Nilichofanya sasa ni kuchukua daftari. Jioni mbili nilikaa na sanduku, nikaandika kila doti: jina, nilipoipata, bei. Zile saba za bibi niliandika “urithi”, ile ya kisutu niliyoolewa nayo nikaandika “harusi”. Jumla ikaja 684,000. Nikampa daftari mkononi, sikusema neno. Alipiga hesabu kichwani. “Mifuko arobaini na kitu,” akasema. Nikadhani tumeanza upya. Lakini hakukasirika. Alifunua kurasa polepole, anasoma majina kwa sauti, mengine anacheka. Alipofika mwisho akauliza kitu ambacho kwa miezi yote ile ya ubishi hakukitaja: “Na za kwangu ziko wapi?”

Kwenye daftari zima, doti alizoninunulia yeye zilikuwa mbili.

Nadhani wanaume wa pwani watanielewa hapa haraka kuliko wa bara. Kanga ni zawadi ya mume. Baba akirudi safari anarudi na doti. Mke akijifungua anapelekewa doti. Wakigombana, doti ndiyo inayoomba radhi. Sasa mke akiwa nazo 61 na zote kajinunulia, majirani wanahesabu, mama mkwe anahesabu, na mume kila akitaka kuleta zawadi anajiuliza ataleta nini ambacho sanduku halina. Saruji ilimuuma, ndiyo, lakini saruji ilikuwa rahisi kuisema.

Basi tukapangana. Boom haigusi kanga, hata shilingi. Nafundisha twisheni watoto wa jirani jioni, na kutoka hapo natoa doti moja kwa mwezi, si zaidi ya 15,000. Mwezi mmoja nachagua mimi, mwezi unaofuata anachagua yeye, na ya kwake anailipa yeye. Sikumwahidi kwamba siku moja nitaacha. Aliniuliza, nikamwambia sijui. Naona alilipenda jibu hilo kuliko angesikia ahadi, maana ameshawasikia wateja wengi wakiahidi kulipa mwisho wa mwezi.

Anachagua vibaya sana, niseme ukweli. Ya kwanza aliyoleta ilikuwa poliesta, ukiivaa kwenye jua la saa saba unaiva. Ila majina anayajua kuchagua. Niliporudi kutoka kwenye mitihani nilikuta kitandani doti ya njano na zambarau imeandikwa “Sisi sote abiria, dereva ni Mungu”, na karatasi juu yake: “Lakini kondakta ni mimi, nauli nakusanya mimi.” Karatasi nimeibandika kwenye daftari, namba 58.

Kilichobaki ni sanduku. Limejaa, kifuniko hakifungi, na mvua za masika zikianza chumba chetu kinanuka unyevu. Nimemwambia nahitaji la pili, la bati, lenye kufuli. Ameshapima nafasi chini ya kitanda kwa ile tepu yake ya kazini, akaandika vipimo kwenye kiganja, akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana.